Nimekula arbuni za harusi kumi na moja, na simu nimeizima

Khalati, shikamoo.

Mimi ni mpambaji wa harusi, na huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Nilianza na kochi moja la kuazima na mapazia ya marehemu mamangu. Leo nina majukwaa mawili, makochi matatu ya bi harusi, vitambaa vya kufunika ukumbi mzima, taa, maua ya bandia na jenereta. Nina vijana wanne wa kufunga na kufungua, nawalipa kwa kila kazi. Naishi Mji wa Kale, stoo yangu iko Majengo, nailipia 8,000 kwa mwezi.

Wewe ni mtu wa Mombasa, sina haja ya kukueleza Rajabu na Shaabani ni miezi gani kwetu. Kila mwenye mwana wa kuoza ataka amalize kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Miezi hiyo miwili ndiyo inayonilisha mwaka mzima, na Mfungo Mosi, mwezi unaoufuata Ramadhani, hunitilia nyongeza. Mwaka huu wa 2020 nilishika harusi kumi na moja, saba za kabla ya Ramadhani na nne za baada ya Idi. Sikuwahi kupata nyingi hivyo tangu nianze.

Machi 13 Wizara ya Afya ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na mikusanyiko ikasimamishwa. Simu zikaanza. Kwanza ilikuwa "tungoje kidogo tuone". Machi 27 ikaja kafyu. Aprili 8 Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hapana kuingia wala kutoka. Bwana harusi wangu mmoja yuko kazini Muscat, na mpaka leo hakuna ndege ya kumleta. Mwezi wa Mei Mji wa Kale wenyewe ukawekewa vizuizi, tukakaa ndani kama mwezi mzima, na masika yanyesha. Tulipofunguliwa mapema Juni hii nilikwenda stoo mbio. Bati lilikuwa limevuja pembeni. Satini zangu nyeupe zimeingia madoa ya kuvu kama ngozi ya chui.

Sasa nikwambie la pesa, maana ndilo lililonifanya nikuandikie usiku huu. Nilipokea arbuni jumla ya shilingi 310,000. Harusi nne zimeahirishwa bila tarehe, arbuni za hao ni 120,000. Watatu waliamua kusoma nikaha nyumbani, walii na mashahidi na watu wa ndani, wakamaliza; hao ni 90,000. Wawili wamevunja mpango kabisa na wataka chao, 55,000. Wawili waliobaki, 45,000, hawajasema neno na mimi sijawauliza.

Pesa hazipo. 140,000 nilinunulia vitambaa, taa na kochi jipya kule Eastleigh, Nairobi, mwezi wa Februari kwa ajili ya msimu. 35,000 nilimpa seremala anitengenezee jukwaa la tatu, 25,000 nikampa muuza maua. 45,000 zilikwenda kwenye karo na kodi ya stoo niliyokuwa nimeichelewesha. Zilizobaki, 65,000, tumezila. Nasema tumezila, Khalati, sina neno jingine. Mume wangu huendesha gari la watalii kati ya stesheni ya treni ya Miritini na hoteli za Diani, na tangu Machi hajapata safari hata moja.

Juu ya hayo nina mkopo wa benki wa 200,000 niliouchukua Novemba. Nilikuwa nalipa 19,500 kila mwezi bila kukosa mpaka Machi. Chama chetu cha kuweka akiba wanidai 40,000. Na nina mikopo miwili ya simu, jumla 12,000, wa pili niliuchukua kulipa wa kwanza.

Kilichonivunja ni cha wiki iliyopita. Mmoja wa wale wawili waliovunja ni binamu wa mume wangu, na arbuni yake ni 40,000. Ameandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba nimekula pesa za harusi ya binti yake, na kwamba kuikalia arbuni ni haramu. Watu sitini na kitu wamesoma. Tangu siku hiyo simu nimeizima. Naiwasha usiku, nasoma, naizima.

Mpambaji mwenzangu amesema atanunua kila kitu kwa 180,000 taslimu. Je, niuze, nirudishe pesa za watu, nifunge? Au nichukue mkopo mwingine? Jirani anishauri nipike mahamri asubuhi niuze, lakini wallahi naona haya. Mimi ndiye niliyewapambia binti zao, leo nikae na beseni barazani?

Mpambaji aliyezima simu
Mji wa Kale, Mombasa

*

Marahaba, mwanangu.

Chukua daftari tuandike upya ulichoniandikia, maana hesabu umeitia yote kwenye kapu moja. Umelala na 310,000 kifuani tangu Machi. Pesa unayodaiwa leo, mtu amesimama mlangoni aitaka, ni 55,000, ya watu wawili. Wale wanne walioahirisha hawakudai pesa, wakudai kazi, na kazi hiyo waijua kuliko mtu yeyote. Wale watatu wa nikaha ya nyumbani wako katikati, nitawarudia. Na wale wawili walionyamaza, mimi nahisi wakuogopa wewe, wadhani ukisikia sauti zao utawadai salio.

Sikusudii kukwambia mambo ni mepesi. Mume hana safari, wewe huna ukumbi, na watoto wala kila siku. Lakini 55,000 na 310,000 si mzigo mmoja, na aliyebeba mkubwa akidhani hana budi ndiye huuza makochi yake usiku.

Sasa hilo la simu. Nikupe kisa changu, nacho si cha kujisifia. Mwaka 1997 nilikuwa na cherehani tatu, nikishona mapazia na mashuka ya mahoteli. Agosti ya mwaka huo zikazuka fujo za Likoni, watu wakauawa, watalii wakakimbia, na hoteli moja ikaniachia mikononi mapazia ya vyumba arubaini. Kitambaa nilikuwa nimekikopa kwa mfanyabiashara wa Biashara Street. Basi nikawa simpitii mlangoni. Miezi minne nilizunguka kwa nyuma kila nikienda Marikiti, na jua lote lile, ilimradi asinione. Siku tulipokutana uso kwa uso nilikuwa na nusu ya pesa zake mkobani. Alizipokea, akanishukuru, akaniandikia risiti. Nusu ya pili nikaimaliza mwaka uliofuata. Lakini hakunikopesha tena hata yadi moja mpaka alipofariki. Nilipomuuliza akaniambia: "Kwamba huna pesa nilijua, nani alikuwa nazo mwaka ule? Kwamba wewe ni mtu wa kupotea, hilo sikulijua."

Kwa hivyo simu iwashwe. Na usingoje wapige wao, piga wewe. Anayepigiwa hujitetea, anayepiga hueleza.

Kwa wale wanne, baada ya kuzungumza kwa mdomo, waandikie. Usiandike riwaya. Andika hivi: "Assalaam aleikum mama fulani. Arbuni yako ni shilingi kadhaa, niliipokea tarehe kadhaa, na iko kwenye daftari langu. Taslimu sinayo sasa, sehemu kubwa ilinunua vifaa vya msimu. Harusi yako naishika kwa bei ileile mpaka Shaabani ijayo, siku yoyote ambayo sijaitoa kwa mwingine. Nakuandikia ili pasiwe na maneno baadaye." Basi. Korona usiieleze, waijua. Na usiseme pesa iko salama mahali fulani, kwa sababu haiko, na uongo wa pesa huja kuulizwa risiti. Wawili walionyamaza watumie maneno hayohayo.

Wale watatu. Mwanangu, nikaha imepita, lakini kupamba je? Ni mama gani wa Mombasa atakayekubali binti yake awe mke wa mtu bila kukaa kwenye kochi akatazamwa na wanawake wa mtaa? Leo hawezi, amri hairuhusu na ugonjwa hauruhusu. Mwakani atataka, na atataka kwa uchungu wa mwaka mzima. Mwambie kila mmoja wao: arbuni yako itakuwa ya kupamba, siku mikusanyiko ikiruhusiwa. Au akitaka sasa, umfungie pembe ya sebule, kochi, pazia la nyuma, taa na asumini, mpiga picha mmoja, watu ni walewale wa nyumbani, na thamani ya kazi itolewe kwenye arbuni. Atakayekataa yote mawili, huyo muingize kwenye orodha ya kurudishiwa. Kwa mabaya yote, wakikataa wote watatu, deni lako la pesa linakuwa 145,000. Liandike hilo pia, ulione sura yake.

Nije kwa binamu, maana najua ndiye anayekunyima usingizi. Kuhusu haramu na halali mimi si shehe, lakini nikueleze nilichofunzwa. Wanavyuoni wengi, na wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani wakiwemo, hawaikubali arbuni ya muuzaji kubaki nayo bure mnunuzi akighairi. Wa Hanbali ndio walioiruhusu. Kwa hivyo binamu hakulitoa hewani. Lakini wewe hukufanya biashara ya kuuza bidhaa, ulitoa tarehe na ukanunua vitu kwa ajili yake, na hilo lina maneno yake. Nenda kwa shehe mnayemwamini nyote wawili, muulizeni pamoja. Ushauri wangu wa kibiashara ni mfupi zaidi: mrudishie. Si kwa sababu ya kundi la WhatsApp. Ni kwa sababu wewe huna karatasi inayosema arbuni hairudi, na bila karatasi mtabishana mpaka Mfungo Tatu. Kama kuna kitu ulikinunua kwa ajili yake tu, kitambaa cha rangi aliyoichagua ambayo hakuna mwingine atakayeitaka, mwoneshe risiti, mkubaliane mgawane hasara.

Wamrudishia vipi na huna? Watu husema dawa ya deni ni kulipa. Kweli, lakini dawa huwa na dozi. Mwaka huu wa 2020, tangu katikati ya Machi, kutuma kwa M-Pesa kiasi kisichozidi 1,000 hakutozwi kwa muda huu wa korona. Basi kila Ijumaa binamu apate 1,000, na yule mwenzake wa 15,000 apate 500. Ukipata kazi, ongeza. Ni polepole, najua, kwa mwendo huo binamu angengoja wiki arubaini, na ndiyo maana nataka uanze na kitu kikubwa zaidi, nitakwambia utakipata wapi. Lakini ile Ijumaa isikose. Mtu anayeona ujumbe wa M-Pesa kila wiki hawezi kuandika kwenye kundi kwamba umekula, na akiandika, kuna mwenye kujua atakayemjibu. Usijibizane naye kundini hata kwa neno moja. Mume wako ndiye aende kwake, ni damu yake, akiwa na karatasi yenye mpango wa malipo na hiyo pesa ya kwanza mkononi. Wasimame barazani wazungumze, wavae barakoa, wasikumbatiane. Mwisho wa mazungumzo mumeo amwombe jambo moja tu: aliloliandika kundini alifutie palepale kundini.

Sasa nigeuze kioo. Mwanangu, hivi umejiona kwamba wewe pia una arbuni kwa watu? Seremala ana 35,000 zako, muuza maua ana 25,000. Hizo ni 60,000, zaidi ya zile 55,000 zinazokuzimisha simu, na katika barua nzima hukuandika kwamba umewapigia. Wapigie, na uwafanyie vile unavyotamani wewe ufanyiwe. Seremala labda mbao keshanunua. Mbao haziozi. Kama hajazikata, muulize kama aweza kuziuza akakurudishia nusu. Kama amekata, amalize jukwaa pole pole na liwe lako. Muuza maua usimtazamie pesa. Maua yaliyokuwa yaende ng'ambo yametupwa kwa magunia tangu ndege zisimame, naye yuko kama wewe au chini yako. Mwambie akulipe kwa maua, kidogo kidogo, kila utakapofunga sebule ya mtu. Hapo umepata asumini na mawaridi bila kutoa senti.

Kuuza kila kitu kwa 180,000: hapana. Sikatai kwa mapenzi ya kazi. Siku utakayouza makochi, wale wanne wanaokudai kazi wanageuka kuwa wanaokudai pesa, asubuhi ileile, 120,000 kwa mkupuo. Na waliosema wangojea kupamba wanafuata. Huyo mpambaji mwenzako si mjinga, anajua harusi zitarudi na anajua wewe umebanwa. Ungekuwa mtu wa miaka sitini, mgongo unauma na watoto wamekua, ningekwambia bei ipande kidogo halafu uza ukapumzike. Wewe una miaka tisa tu kazini. Uza jenereta. Harusi za siku za karibuni zitakuwa za sebuleni, na sebule zina umeme wake. Siku ukihitaji jenereta utaikodi. Jukwaa moja pia laweza kwenda kama bei ni nzuri. Hapo ndipo pesa ya kwanza ya binamu itakapotoka. Kochi usiuze hata moja.

Stoo, tafuta mpambaji mwingine mgawane kodi. Wako wengi wanaolipia vyumba vya kulaza viti.

Benki. Hapa nina ugomvi na wewe. Benki Kuu ilitoa maagizo Machi 18, 2020: mtu aliyekuwa akilipa vizuri kufikia Machi 2, akiathirika na korona, aweza kuiomba benki yake impangie upya mkopo, wa mkopo wa binafsi aweza kuongezewa muda mpaka mwaka mmoja, wa biashara ndogo atazamwe hali yake, na gharama za kupanga upya ni juu ya benki. Wewe ulikuwa hukosi mpaka Machi. Wewe ndiye hasa mtu aliyekusudiwa. Lakini halijileti lenyewe, huombwa. Andika barua, taja namba ya mkopo, andika kazi yako imesimama tangu lini, ambatanisha jumbe za wateja walioahirisha, na uombe nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Kabla ya kutia sahihi chochote, uliza maswali mawili: riba itaendelea kuhesabika katika miezi ya kupumzika? Na jumla nitakayokuwa nimelipa mwishoni ni ngapi, kwa tarakimu? Kusogeza mbele si kusamehewa. Kama yawezekana kulipa riba peke yake kwa miezi michache, hiyo ni nafuu kuliko kunyamaza kabisa. Na kama waogopa jina lako kupelekwa CRB, ile ofisi inayoorodhesha wasiolipa madeni, mikopo iliyoanza kusumbua kuanzia Aprili 1 mwaka huu wa 2020 imesimamishiwa kuorodheshwa kwa sasa. Una nafasi ya kupumua, itumie kabla haijafungwa.

Mikopo ya simu, hapana mwingine. Hiyo ya kuchukua mmoja ulipe mwingine ndiyo iliyowamaliza watu wengi kuliko benki. Benki Kuu mwezi wa Aprili 2020 iliwaondolea wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka majina CRB, kwa hivyo wakikutisha kwa hilo, watisha kwa bunduki isiyo na risasi. Deni lenyewe lipo, utalilipa, lakini lingoje zamu yake. Wana tabia moja mbaya, ya kupigia watu waliomo kwenye simu yako na kukutangaza. Watangulie. Waambie dada zako na rafiki zako leo: nadaiwa kiasi fulani na kampuni ya simu, wakikupigia kata. Aibu iliyokwisha kusemwa na mwenyewe haina mnunuzi.

Chama sitakaa sana. Mweka hazina ni mwanamke kama wewe na pengine yeye mwenyewe hajatoa mchango wa Mei. Mwendee kabla ya kikao, omba deni lisimame mpaka mwisho wa mwaka bila faini, na huenda utakuta wenzako nusu walikuwa wangojea mtu wa kwanza kulisema.

KRA, wakusanya kodi wa serikali, nako kwa neno moja: kodi ya mauzo ya biashara ndogo imeshushwa mwaka huu wa 2020 kutoka asilimia 3 hadi 1, na mwenye mauzo yasiyofika milioni moja kwa mwaka haimhusu. Tazama daftari lako uone uko upande gani.

Haya, mahamri. Nimecheka kidogo, unisamehe. Hao binti uliowapambia, waume zao wengine leo wauza maji ya madafu kwa mkokoteni na wengine washona barakoa. Hakuna mtu Mombasa mwenye muda wa kukucheka mwaka huu. Aibu si hoja. Hoja yangu ni nyingine: pale kwenu, kila uchochoro una mama wa mahamri na mbaazi, tena wengine wana miaka thelathini kwenye kikaango. Utakuja na unga, nazi, iliki, mafuta yaliyopanda bei, makaa, halafu ugawane nao wateja walewale wasio na pesa? Barakoa ni vivyo hivyo, kila mwenye cherehani amekwisha kuzishona. Ukitaka kupika, pika kwa oda, ya mtu aliyelipa jana, ya chakula ambacho mtaa wenu hauna. Ila mimi ningekaa kwenye kazi yako. Watu hawajaacha kuoana. Nikaha zasomwa kila Ijumaa sebuleni, na nyingi nyuma ya bi harusi kuna ukuta wenye ufa na saa iliyosimama. Shirikiana na mpakaji hina na mpiga picha, wote wawili hawana kazi kama wewe, mtoe bei moja kwa watatu. Ifanyike alasiri, kila mtu awe kwake kabla ya saa tatu ya kafyu. Na mama wa bi harusi akikwambia "ni sisi tu wa nyumbani" halafu ukakuta wanawake arubaini, kunja kitambaa chako uondoke. Sikutanii. Ugonjwa ukitokea kwenye sebule uliyoipamba wewe, hakuna daftari litakalokuokoa.

Vijana wako wanne waambie ukweli: kazi za sebule zahitaji wawili, basi waende kwa zamu. Wale wanaokaa mitaa ya mabanda waulizie Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa kuwapa vijana vibarua mwaka huu wa korona, kwa mzee wa mtaa; umefika Mombasa.

Kesho jua likitoka, anza na vitambaa. Satini usiianike kwenye jua kali la adhuhuri, rangi itakimbia; toa kuvu kwa brashi ikiwa kavu, nje, umejifunga pua, kisha jaribu maji yenye siki kwenye pindo kabla ya kufua yote. Zikiwa kambani, washa simu. Wa kwanza kumpigia awe mama wa yule bwana harusi wa Muscat. Atakueleza habari za mwanawe nusu saa nzima, anakula nini, analala wapi, ndege zasemekana lini, kabla hata hujapata nafasi ya kutaja arbuni.

Khalati